Kopo la Kifungo Cheupe

Mtuhumiwa aliketi kama alivyoketi jana yake: mgongo wima, viganja juu ya meza, macho kwenye glasi ya maji ambayo hakuigusa.

Inspekta alivuta kiti, akakipanga sambamba na ukingo wa meza, kisha akakisogeza kidogo kwa sababu mguu mmoja ulikuwa juu ya ufa wa sakafu. Wenzake kituoni walimwita Rula. Walianza kwa kunong'ona nyuma yake, halafu wakamwita hivyo mbele yake walipoona hajali.

"Baba mkwe wako hakuwa na kisukari," alisema. "Maabara imekuta dawa ya kisukari katika damu yake. Wewe unauza katika duka la dawa. Kwenye mkoba wako tumekuta pakiti za dawa hiyo hiyo. Kabla hajaanguka mligombana, kwa sababu ulitaka chumba cha mbele ufungue duka lako mwenyewe na yeye akakataa. Na asubuhi aliyoanguka jirani alikuona unamwaga vidonge chooni. Kuna jambo nimelikosea?"

"Hakuna."

"Basi nisaidie."

"Sina la kusema, afande."

Koplo, aliyekuwa ameegemea ukuta, alipiga miayo bila kuziba mdomo. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. "Dada yangu, kesho asubuhi unapanda kizimbani kwa mauaji. Ukimnunia hakimu kama unavyotununia sisi, ataongea peke yake. Na mahakimu wakiachwa waongee peke yao, hawaongei mazuri."

Inspekta akauliza jambo dogo.

"Vidonge ulivimwaga kabla mzee hajachukuliwa, au baada?"

Alifikiri. "Baada. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka."

"Na chombo vilimokuwa?"

"Nililiosha kopo. Nikalirudisha kabatini."

"Kwa nini ulivimwaga?"

Mwanamke alirudisha macho kwenye glasi. Inspekta alisimama, akakisukuma kiti chini ya meza. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango aliposikia sauti ya mtuhumiwa, safari hii ikiwa na haraka.

"Afande. Mama anatumia dawa gani sasa?"

"Mama yupi?"

"Mama mkwe. Dawa zake ndizo mlizozikuta kwenye mkoba wangu. Mmezichukua. Sasa nani anampa? Anampa nini?"

"Nitauliza."

"Uulize leo." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Tafadhali. Iwe leo hii, afande."

Nje ya chumba, Koplo alisubiri mlango ujifunge. "Umemsikia? Mmoja kashazikwa, sasa anamuulizia wa pili."

"Au anamwogopea wa pili."

"Haya, Rula na rula yake."

"Maneno yale yale yanabeba maana mbili," alisema Inspekta. "Tutafute kitu cha kuondoa moja."

Mkuu wa kituo alikuwa kwenye korido, kofia kwapani, anataka kujua kama faili la yule marehemu, mzee mstaafu wa reli, limekamilika. Aliambiwa bado. Akasema kwamba duka la dawa, ugomvi, shahidi na maabara vinatosha kwa mtu yeyote mwenye akili timamu, na kwamba mwendesha mashtaka analitaka faili hilo kabla ofisi hazijafungwa. Inspekta alisema atalipata. Hakusema litakuwa na nini ndani.

*

Daktari aliyempokea marehemu alikuwa akila mkate wodini, amesimama, kwa sababu kiti chake kilikuwa kimekaliwa na ndugu wa mgonjwa. Aliwapeleka kwenye chumba cha kuhifadhia shuka.

"Alipoletwa, sukari ilikuwa chini kiasi kwamba nilidhani kipimo kimeharibika," alisema. "Tukamtundikia dripu ya sukari. Akafumbua macho, akaomba maji, akaniuliza kama treni imefika. Tukafurahi. Jioni akazama tena. Tukamwinua, akazama."

"Kuzama mara ya pili kunakuambia nini?"

"Kwamba kilichomwangusha kilikuwa bado kimo mwilini kinafanya kazi. Hivyo hufanya vidonge, hasa vile vya zamani ambavyo siku hizi tunakwepa kuwapa wazee."

"Mbona mnakwepa?"

"Figo. Figo zake hazikuwa na ugonjwa, zilikuwa na umri. Kijana akimeza, kesho dawa imeshatoka. Mzee akimeza, ya leo inaikuta ya jana bado imekaa."

Inspekta alitafakari hilo. "Alikuwa na kiasi kikubwa?"

Daktari aliacha kutafuna. "Hapana. Hilo ndilo nililomwambia askari wa kwanza na hakuliandika. Kiasi cha kawaida tu, kile anachopewa mgonjwa wa kisukari kila siku. Mimi si polisi, lakini mtu anayetaka kuua hapimi dozi."

"Anaweza kupima akitaka ionekane ugonjwa," alisema Koplo.

"Anaweza. Basi awe na subira. Kwa maelezo ya mkewe, mzee alianza kutoka jasho asubuhi na kuchanganya majina ya watu siku nyingi kabla hajaanguka. Siku moja mbaya, siku mbili nzuri, tena mbaya. Walimpeleka zahanati ya mtaani. Unajua walichosema huko?"

"Uzee."

"Uzee! Hawakumpima hata sukari. Wakampa vidonge vya usingizi apumzike. Kwa hiyo siku aliyoanza kuzama, nyumba nzima ikadhani amelala vizuri."

"Siku mbaya na siku nzuri," alirudia Inspekta. "Zilikuwa na mpangilio?"

"Hakuna aliyeniambia mpangilio wowote."

"Mtu anayetia sumu huwa na mpangilio," alisema Inspekta, zaidi kujiambia mwenyewe. "Anapata nafasi au hapati. Mzee alikuwa na dawa zake?"

"Ya presha tu. Kile kidonge kinachotoa maji mwilini. Kidogo, cheupe, cha mviringo." Daktari alikunja karatasi ya mkate wake. "Nusu ya duka la dawa ni vidonge vidogo, vyeupe, vya mviringo, afande. Mkiniletea kimoja nje ya pakiti, hata mimi nitawaambia nisubirini."

*

Nyumba ilikuwa ya ukuta wa matofali, yenye chumba cha mbele ambacho dirisha lake lilikuwa bado na maandishi ya rangi yaliyopauka: USHONAJI WA AINA ZOTE. Kabla hawajafika mlangoni, mwanamke wa nyumba ya pili alikuwa ameshatoka na ufagio asioutumia. Mtaa mzima ulimwita Redio.

"Mmekuja kwa yule muuaji?"

"Tumekuja kwako kwanza," alisema Inspekta. "Ulisema ulimwona akimwaga vidonge."

"Kwa macho yangu haya. Choo chao cha nje kinatazamana na jiko langu. Alikuwa na kopo, akalipindua, akavuta maji. Kisha akasimama."

"Akasimama anafanya nini?"

"Analia." Redio aliona sura ya Koplo ikibadilika, akajitetea. "Hamkuniuliza! Yule mwenzenu aliuliza alimwaga au hakumwaga. Nikasema alimwaga. Kulia kila mtu analia, mimi mwenyewe nalia nikikata vitunguu."

"Na ugomvi wa chumba cha mbele?"

"Ulisikika mpaka barabarani. Mzee akasema chumba ni cha mke wake, cherehani yake imo humo, haitoki mpaka atoke yeye. Binti akasema sawa baba. Basi."

"Akasema sawa baba. Huo ndio ugomvi?"

"Mzee ndiye aliyepiga kelele," alisema Redio. "Ugomvi si lazima wapige kelele wote."

Koplo alimshukuru kwa matangazo yake.

Mjane alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu aliyeanza kupinda, na weupe wa mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Mtaani alikuwa Fundi. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho alipoitwa kwa jina. Mwanawe, mume wa mtuhumiwa, alikuwa amekwenda kutafuta wakili, na Fundi alilisema hilo kwa mdomo uliobana, kama mtu anayetaja deni la mwenzake.

"Karibuni. Chai nimepika mwenyewe, kunyweni bila hofu. Mimi sili wala sinywi kitu kilichopita kwenye mkono wa yule. Hata akiachiwa, hatanipa hata maji."

"Shikamoo mama," alisema Inspekta.

"Marahaba, mwanangu. Keti. Si hicho, hicho kina mguu mbovu."

Aliketi. Aliona mambo matatu kabla hajauliza lolote. Jagi la maji mezani lilikuwa karibu tupu. Fundi, alipopita, alishika ukuta. Na mlango wa nyuma uendao chooni ulikuwa umeachwa wazi, kandambili zimepangwa tayari kwenye kizingiti.

"Unasikia kiu sana, mama?"

"Kiu! Naweza kunywa pipa. Kisha usiku kucha ni chooni na kurudi. Na kichwa kinazunguka. Huzuni hiyo, mwanangu. Huzuni inakausha mwili."

"Ilianza baada ya mzee kufariki?"

Fundi alifungua mdomo kujibu ndiyo, akaufunga. "Hapana," alisema polepole. "Kabla. Yeye anatoka jasho, mimi nina kiu. Tulikuwa tukichekana. Alisema, mke wangu, mimi navuja na wewe wakauka."

Inspekta alimtazama Koplo. Koplo aliacha kuchezea kikombe.

"Naomba kuona kabati la dawa."

Halikuwa kabati la dawa. Lilikuwa kabati la ushonaji, lenye droo za nyuzi na rafu ya makopo ya bati, na juu ya mfuniko wa kila kopo kulikuwa na kifungo cha nguo kilichogandishwa kwa gundi: cha koti, cha shati, cha mtoto, cha shaba. Fundi hakuyatazama. Alipitisha kidole juu ya mifuniko kama mtu anayesalimiana na watoto waliopanga mstari.

"Miaka yote hii sijawahi kufungua kopo lisilo lenyewe," alisema. "Vifungo vya wateja vikija vimechanganyika, nami navimwaga kwenye sinia, kila kimoja kinakwenda kwa wenzake. Cha ukubwa huu na rangi hii, huku. Cha ukubwa ule, kule. Hakijali kimetoka kwenye shati la nani."

"Na dawa?"

"Vivyo hivyo. Zile karatasi za fedha zinazofunika vidonge zinanishinda, vidole vimekakamaa. Kwa hiyo zikiletwa, zangu na zake, nazikata zote siku moja kwa mkasi wa nyuzi, namwaga kwenye sinia, napanga. Macho yangu rangi bado yanaiona, maandishi hayayaoni." Alishusha kopo. Juu yake palikuwa na kifungo cheupe cha shati. "Hili lilikuwa lake. Yule alilimwaga akaliosha, afiche alichotia."

Kopo lilikuwa safi, linanuka sabuni. Inspekta alilirudisha.

"Na lako?"

Fundi alimpa jingine, lenye kifungo cha waridi cha gauni la mtoto. Lilikuwa tupu pia, lakini halikuoshwa. Inspekta alilielekeza dirishani. Chini, kwenye pembe za bati, kulikuwa na vumbi la rangi ya waridi.

"Dawa yako ya sukari ilikuwa ya rangi hii?"

"Miaka mingi. Ya waridi ni yangu, nyeupe ni ya mzee."

"Na sasa?"

"Sasa zimebadilika. Kiwanda kimekuwa kingine, au sijui nini."

"Leo asubuhi umemeza dawa, mama?"

"Nimemeza. Mtu wa sukari hafungi duka."

"Ulimeza kutoka wapi? Kopo lako ni tupu, la mzee lilimwagwa, na pakiti zilizokuwa kwenye mkoba wa mkweo ziko kituoni kwetu."

Lilikuwa swali la kawaida, la aina anayoulizwa mtu kuhusu funguo za nyumba. Fundi alicheka kidogo, kwa fahari.

"Mnadhani mimi mtoto? Nina akiba. Tulikuwa tukienda msibani au harusini mimi na mzee, sipendi kuhangaika. Hata yule hajui." Alivuta mkoba wake mweusi kutoka nyuma ya mto wa kiti, akatoa kikopo cha bapa kilichokuwa cha dawa ya kuchua. Kilikuwa na kifungo cheupe juu yake.

Inspekta aliomba kisosi. Alikifuta kwa leso yake, akamimina. Vilitoka vidonge vichache, vyeupe, vya mviringo, kila kimoja na mstari wa kukatia katikati. Alivitenganisha kwa ncha ya kalamu mpaka hakuna kilichogusana na kingine.

"Koplo. Simu yako, ile ya kupiga picha za karibu."

Koplo aliinama juu ya kisosi, akawasha tochi ya simu. Inspekta alivigeuza kimoja kimoja. Cha kwanza, mgongo mtupu. Cha pili, mtupu. Cha tatu kilikuwa na herufi iliyokandamizwa, nyembamba kama alama ya ukucha. Cha nne mtupu. Cha tano kilikuwa na herufi.

"Loo," alisema Koplo kwa sauti ndogo isiyo ya kawaida yake.

Inspekta alitoa kwenye mfuko wa vielelezo karatasi moja ya fedha aliyokuja nayo kutoka kituoni, iliyokutwa kwenye mkoba wa mtuhumiwa. Alikibonyeza kidonge kimoja mpaka sura yake ikajichora vizuri kwenye plastiki, akasogeza tochi. Herufi ilikuwa ile ile.

Alivipanga vidonge katika mafungu mawili, kisha akavichanganya tena, akamsogezea Fundi kisosi.

"Mama, nitafutie cha kwako."

Vidole vya Fundi vilishuka juu ya vidonge kwa wepesi ambao viungo vyake havikuwa nao mahali pengine popote. Vilipima, viligeuza, vilipita. "Vyote," alisema.

"Na cha mzee kipi?"

"Hivyo hivyo."

"Vyote ni vyako, na vyote ni vya mzee?"

"Ndiyo. Tangu vya waridi vilipokwisha. Tunakula nyeupe sote. Nilifurahi hata, kazi ya kupanga ikapungua. Nikamwambia mzee, sasa tumekuwa kitu kimoja mpaka kwenye dawa."

"Nani alikuambia kwamba ni dawa moja?"

"Yule. Alisimama hapo mlangoni, viatu miguuni, anachelewa kazini. Akaniambia, mama, za kwako zimekuwa nyeupe, lakini dawa ni ile ile."

"Ile ile kama ya mzee?"

"Ile ile..." Mkono wa Fundi ulisimama juu ya kisosi. "Ile ile kama ya zamani. Ya kwangu ya zamani."

"Alisema ni sawa na ya mzee?"

"Hakusema."

Nje, ufagio wa Redio ulianza kufagia kwa nguvu mahali pamoja. Fundi alirudia neno lake, na safari hii halikuwa jibu la swali.

"Hakusema."

Inspekta alieleza. Hakupunguza wala hakuongeza. Vidonge vya sukari vilipokuwa vyeupe, vilikwenda kwenye kopo la vyeupe, kwa sababu hivyo ndivyo Fundi alivyopanga kila kitu. Kopo likawa na dawa mbili. Asubuhi mzee alipopewa cha presha, siku ilikuwa nzuri. Alipopewa cha sukari, alitoka jasho na kusahau majina, na mwili wake wa uzeeni ulikaa na dawa hiyo mpaka siku ya pili. Siku zilizofuatana vibaya ndizo zilizomwangusha. Fundi naye, alipomeza cha mzee, alikosa dawa yake mwenyewe na kupata inayomtoa maji. Ndiyo kiu, ndicho kizunguzungu. Hakuna mpangilio, kwa sababu mkono unaotoa kwenye kopo haukuwa ukichagua.

"Mkono upi?" aliuliza Fundi.

Inspekta aliutazama mkono uliokuwa bado juu ya kisosi.

"Kila asubuhi nilimpa mimi," alisema Fundi. "Na maji ya uvuguvugu. Alikuwa akifumba macho kama mtoto na kufungua mdomo. Mkono huu."

"Ndiyo, mama."

Koplo alitazama ukutani. Fundi alikaa, mikono mapajani, viganja juu, kana kwamba ni vitu alivyopewa avishike na hakuambiwa aviweke wapi.

"Mtanifunga?"

"Sheria inatafuta aliyekusudia. Hapa hayupo. Nitaandika hivyo, na daktari ataandika upande wake."

"Na yule? Alijua?"

"Alijua asubuhi ile ile. Ambulensi ilipoondoka alifungua kopo, na yeye kazi yake ni vidonge. Aliona herufi. Akavimwaga ili usimeze tena, akaliosha kopo, akanunua dawa mpya za kwako. Kabla hajakupa, ulikuwa umeshatuita."

"Nimemwita muuaji mbele ya mtaa. Mbele ya mwanangu. Mbona hakusema?"

"Angesema," alijibu Inspekta, "tungekuja kukuchukua wewe."

*

Walipitia hospitali kwanza. Inspekta alikataa kusikia habari ya kituo kabla daktari hajamchoma Fundi kidole. Sukari ilikuwa juu, kama ilivyotarajiwa. Daktari alisema aendelee kwa sasa na dawa yake mwenyewe, dozi ile ile, pamoja na chakula, arudi kesho wambadilishie ile inayowafaa zaidi wazee, na kwamba yule aliyempa mzee vidonge vya usingizi bila kumpima atamtafuta yeye mwenyewe, binafsi, hata kama ni zamu yake ya mapumziko.

Kituoni mkuu alisikiliza amesimama. Alivitazama vidonge vilivyokuwa sasa katika mifuko miwili, akaomba miwani ili avione vizuri.

"Kwa hiyo hakuna kesi."

"Kuna kifo, afande. Kesi ya mauaji hakuna."

"Mwendesha mashtaka hatapenda."

"Atapenda zaidi kuliko kuambiwa na wakili wa upande wa pili."

Mkuu alivua miwani. Alisema atapiga simu, na kwamba mwanamke aachiwe kwa dhamana ya polisi hadi faili lisomwe. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, hiyo dawa ya presha inayotoa maji ina rangi gani, kwa sababu mama yake mzazi ana kopo moja jikoni.

Katika chumba cha mahojiano mtuhumiwa alikuwa ameketi vile vile. Mlango ulipofunguka alimwona mama mkwe wake kwanza, akasimama kwa heshima kabla hajakumbuka alipo. Kisha akamtazama Inspekta kwa hasira ya wazi.

"Kwa nini umemleta huku? Mama hajafanya kitu. Nitaandika mnachotaka, nipeni karatasi."

"Keti," alisema Fundi.

"Mama, usiseme lolote mpaka wakili..."

"Keti, mwanangu."

Aliketi. Fundi alipapasa ukingo wa meza, akapata kiti, akaketi ng'ambo. Alifungua mkoba wake mweusi, akatoa kikopo cha bapa, kitupu sasa, akakiweka katikati yao kifungo kikiwa juu. Mwanamke yule alikitazama. Hakuwahi kukiona. Alielewa mara moja.

"Ulikuwa unameza humu? Siku zote hizi?"

"Mpaka leo asubuhi."

Inspekta alichukua mfuko wa vielelezo, akakata lakiri.

"Afande," alisema Koplo, "hicho ni kielelezo."

"Ninacho kingine cha aina hiyo. Andika kwamba nimekitoa, kwa amri ya daktari." Aliiweka karatasi ya fedha mbele ya mtuhumiwa wake.

Mwanamke aliisoma mbele na nyuma, kwa kidole, kama wafanyavyo wauza dawa waliofundishwa vizuri. "Umekula, mama?"

"Kidogo."

"Kidogo ni nini?"

"Mkate na chai. Yule mwenye makelele alininunulia," alisema Fundi, akimwelekezea Koplo kidevu.

"Mkate wote?"

"Nusu."

"Malizia."

Nusu iliyobaki ilikuwa ndani ya mkoba, imefungwa kwenye leso. Fundi aliila yote, polepole, mbele ya askari wawili, bila kuona haya. Alipomaliza alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi.

Kidonge kilitoka kwenye karatasi kwa mlio mdogo. Mkwe alikigeuza upande wa herufi, akakitazama, akakiweka kwenye kiganja cha mama mkwe wake. Vidole vya Fundi vilianza kujikunja kukipima, ukubwa na mstari, kama vilivyozoea.

Vikaacha. Alikitia mdomoni bila kukipapasa.

"Nipe maji," alisema, na mkwe wake akamsogezea ile glasi.